Siagi Mkobani

Siagi ndiyo iliyonishitaki.
Si daktari, si mume, si kioo cha chooni.
Robo kilo ya siagi, imeyeyuka mkobani
juu ya funguo na risiti za basi,
na simu yangu ndani ya friji, karibu na mayai,
ikitetemeka peke yake
kwa baridi, na kwa ujumbe wa bosi.

Nilicheka.
Kisha nikakaa sakafuni na koti la mvua mwilini
nikalia mpaka paka akaondoka kwa aibu.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Mimi kilio kilikuja cha pili.

Mvua ya Valdivia haina adabu:
huingia Aprili bila hodi, hutoka Oktoba bila kuaga.
Miaka kumi na moja nimeitazama
kupitia dirisha la ofisi ya mishahara,
juu ya chumba cha kufulia mashuka ya hospitali,
nikihesabu saa za watu:
muuguzi Yasna, zamu mbili mfululizo, mlipe;
dereva Aliro, usiku wa sikukuu, mlipe mara mbili.
Saa zangu hazikuwa na safu.
Nilizichoma kama kuni mbichi,
moshi tele, joto hakuna.

Kuchoka nakujua. Hulala nako, ukaamka kumekuacha.
Huku kwangu kulikuwa kuchakaa:
shuka lililofuliwa, likafuliwa,
jeupe, limekunjwa vizuri, zima kwa macho,
mpaka uliinue dirishani
uone mwanga unapita kila mahali.

Daktari Oyarzún, kijana, soksi mbili zisizofanana,
akaandika siku kumi na tano.
Nikamuuliza, na nani atafunga mwezi?
Akasema bila kuinua kichwa:
Mwezi huisha wenyewe, bibi. Hata ule wa juu.
Nilimchukia hadi kituo cha basi.

Nyumbani nikaandika ratiba ya kupumzika,
yenye safu, yenye jumla chini kwa wino mwekundu.
Siku ya tatu nilikuwa nimechelewa
kwa saa nne za mapumziko
na nikaanza kujidai.

Kilichonisaidia sijui. Labda ni yule simba-bahari
nyuma ya soko la samaki, pale mtoni,
mnyama mzito kama gari la mizigo,
amejilaza juu ya mbao zilizolowa.
Alipiga mwayo. Nikaona ufizi wake wote.
Watu walimpita na vikapu vyao
na hakuna aliyemwomba fomu.
Nikasimama mvuani nikapiga mwayo nami,
mrefu, wa sauti, kama mtu asiye na mwajiri.

Siku kumi na tano zikawa thelathini.
Nikarudi kazini Novemba.
Simu sasa hulala kwenye droo ya soksi.
Mkate wa mchana naula mezani na Yasna,
ambaye huongea mno juu ya shemeji yake,
nami najua leo shemeji huyo amekosa nini.
Jumanne iliyopita nilibaki hadi saa tatu usiku.
Sikujisamehe haraka, wala sikurudia Jumatano.

Jioni ya kwanza niliyotoka saa kumi na mbili
Bwana Eleodoro wa getini aliniomba kitambulisho.
Miaka kumi na moja!
Akasogeza miwani, akasoma jina, akanitazama tena.
Samahani, akasema,
sijawahi kukuona ukiwa na jua usoni.

Nilitembea mpaka nyumbani, miguu ikishangaa.
Nikapasha mkate. Nikafungua friji.
Siagi ipo. Simu haipo.
Nikafungua tena kuhakikisha.
Mara mbili ni nyingi, najua.
Mwezi jana zilikuwa tano.